Kazi Iliyozoea Kungoja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo saa nne asubuhi, na paa la chumba cha mashine limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kabati la karatasi. Nimeweka ndoo ileile. Daftari hili nimelinunua nikirudi nyumbani. Sijawahi kuandika mambo yangu maishani, ila leo nimetoka kazini na jambo zito na sina wa kumwambia.

Mkurugenzi wa benki ya damu alituita sote saa tatu. Alisema mashine yetu kubwa, ambayo sisi tunaiita Bibi, inatumaliza. Wenye mashine wanatoza kwa kuangalia ile saa ambayo prosesa kuu, ubongo wa Bibi, inaelemewa kuliko saa zote, na kwetu hiyo ni saa nane mchana, msimu wa mvua, wagonjwa wanapojaa hospitalini. Kilele hicho kisiposhuka kabla mvua hazijakatika, Bibi ataondolewa, na sisi tunaomlea tutaondoka naye. Kisha akamtambulisha mtaalamu wa kukodishwa, bwana mmoja mwembamba mwenye tai nyekundu. Huyo akatueleza kwamba ndani ya Bibi kuna prosesa mbili za pembeni zilizokuja naye na hazijafanya kazi ya maana tangu hapo. Hizo hazitozwi. Ila hazipokei kila kazi, zinachagua. Mimi na yeye tutafute kazi zipi zinafaa kuhamishiwa huko.

Nimebakiza miezi saba nistaafu. Nikistaafu kwa heshima, kadi ya matibabu inabaki nasi. Nikiondolewa, inakufa siku hiyohiyo. Na wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu ninayeishi naye, anaongezwa damu kila baada ya wiki mbili kwa kadi hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Huyo bwana, nimempa jina la Tai, ananifuata kama kivuli na kuuliza maswali. Nimemjibu mawili.

Jumanne, 11 Machi

Nakiri si mjinga. Tumechukua kumbukumbu za wiki mbili ambazo Bibi huziandika mwenyewe: kila kazi ilianza saa ngapi, ilikula sekunde ngapi za prosesa kuu, imeandikwa kwa lugha gani ya kompyuta. Programu za zamani za Koboli hazihami. Zilizoandikwa upya kwa Java zinafaa, na pia maswali yanayotoka hospitalini kwa mtandao kuja kwenye rejista yetu ya wagonjwa. Lakini kufaa peke yake hakutoshi, anasema, lazima kazi iwe inakula saa nane. Kuhamisha kazi ya alfajiri ni kufagia chumba ambacho mgeni haingii.

Ametengeneza karatasi yenye safu tatu: Inafaa, Haifai, Tuulize.

"Hiyo ya tatu ni yako," aliniambia. "Wewe ndiye unayejua mambo yasiyoandikwa."

Nilimwambia hapa kila kitu kimeandikwa. Sijui kwa nini nilimjibu kwa ukali vile.

Jumatano, 12 Machi

Wifi amerudi kutoka kuongezwa damu, rangi imerudi usoni na mdomo umerudi pia. Kwanza chumvi yangu, kwamba napika kama nahifadhi samaki. Kisha habari za shoga yake mpya, mama mmoja anayekaa kiti cha pili kwenye chumba cha damu, naye huja Jumatano zilezile. Anafuma kofia za watoto tangu anapochomwa sindano mpaka anapochomolewa. Wifi anamwita Bi Kofia. Nimefurahi. Tangu kaka yangu afe wifi hakuwa na mtu wa kucheka naye ila mimi, na mimi si mtu wa kucheka.

Alhamisi, 20 Machi

Leo tumefika kwenye kazi za saa nane.

Kazi zenyewe ni mbili. Ya kwanza tunaiita Masahihisho. Inapokea kutoka maabara zote majina ya wagonjwa ambao taarifa zao zimebadilika: kundi la damu lilikosewa, au mwili wa mtu umeanza kukataa aina fulani ya damu na ni lazima awekewe alama ya tahadhari. Inayaandika kwenye rejista. Ya pili ni Lebo. Inasoma rejista, inamchagulia kila mgonjwa mfuko wake na kuchapa lebo ya kubandika. Saa tisa gari linaondoka na mifuko. Huko wodini muuguzi anasoma lebo. Lebo ikisema sawa, ni sawa.

Masahihisho ni Koboli, haihami. Lebo iliandikwa upya kwa Java miaka minne iliyopita, na peke yake inakula theluthi nzima ya kile kilele. Tai aliishangilia kama mtu aliyeokota pete. Aliniuliza kama kuna lolote la kuweka kwenye safu ya Tuulize.

Kuna kitu kilinigusa kichwani kikapita. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. Nikasema hakuna. Nikaandika mwenyewe, kwa kalamu yangu: Inafaa.

Jumatano, 26 Machi

Wifi amerudi na kofia ya sufu ya kijivu, ya mtu mzima. Bi Kofia ameifuma kwa ajili yangu, kwa kuwa wifi alimwambia nashinda kwenye chumba cha baridi na mashine. Naye hajawahi hata kuniona. Nimeivaa kazini, Tai akasema imenipendeza.

Jumanne, 1 Aprili

Mungu wangu. Nimekumbuka.

Jana usiku nilikuwa naosha vyombo, mikono ndani ya maji, mara ikanijia yote. Leo nilipofika kazini nikafungua amri ya kuanzisha Lebo, ambayo haikuguswa Lebo ilipoandikwa upya, nikitumaini nimekosea. Sijakosea. Herufi za jina langu ziko pale, na tarehe, miaka kumi na tisa iliyopita.

Zamani palikuwa na mstari mmoja unaoiambia Lebo isianze mpaka Masahihisho imalize. Siku moja Masahihisho ikakwama kwa taarifa moja mbovu, Lebo ikangoja, gari likaondoka tupu. Mkurugenzi wa wakati ule alinitukana mbele ya wafagiaji. Nikautoa ule mstari. Kwa wiki moja tu, nilijiambia. Badala yake niliipa Masahihisho daraja la juu kwenye foleni ya prosesa kuu, ili zianze pamoja lakini Lebo ijikokote nyuma. Ikafanya kazi. Wiki ikawa miaka, nami nikasahau kwamba Lebo haingoji kwa amri ya mtu, inangoja kwa sababu mlango ni mmoja na mwenzake ametangulia.

Sasa tunaipa mlango wake. Huko pembeni hakuna foleni. Itachapa lebo kwa rejista ya jana huku masahihisho ya leo bado yanaandikwa.

Nilikaa nimevaa ile kofia, jasho jembamba linanitoka kwenye chumba cha baridi.

Jumatano, 2 Aprili

Sijasema.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumefanya jaribio. Mvua haikunyesha, masahihisho yalikuwa thelathini tu, yakaisha kabla Lebo haijasoma hata jina moja. Kila kitu sawa. Tai akanipa mkono. Nilijisikia mwepisi mpaka nilipofika ngazini. Jaribio tumelifanya siku ya jua.

Nimejaribu kumwambia mkurugenzi. Niligonga, nikaingia, akaniambia ameshawaandikia wakubwa kwamba mimi ndiye niliyeifanikisha kazi hii na kwamba nitaagwa kwa sherehe. Nilimuuliza kuhusu paa linalovuja, nikatoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Lebo imehama rasmi. Kilele kimeshuka. Wamepiga makofi.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika mkono ukiwa mzito.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na laini za mtandao zikakatika. Hospitali hazikuweza kutuma kitu asubuhi nzima. Zikarudi saa saba na nusu, masahihisho yote yakaingia kwa mkupuo, mia mbili na kumi na mawili. Nilikaa nimekodoa macho kwenye skrini. Saa nane zote mbili zikaanza. Saa nane na dakika tatu Lebo ikamaliza. Masahihisho ilimaliza saa nane na dakika kumi na nane.

Dakika kumi na tano. Nilikuwa nimeketi pale, na kidole changu kingeweza kulisimamisha gari. Nilichofanya ni kutafuta namba ya wifi kati ya hizo mia mbili na kumi na mbili, kwa kuwa leo ilikuwa zamu yake. Haikuwamo. Nikashusha pumzi. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: nilipoona haimo, nilishusha pumzi, nikanywa chai.

Gari likaondoka saa tisa kamili.

Jioni wifi alirudi mzima, anacheka, Bi Kofia amemfundisha kufuma. Nilimkagua macho, kucha, nikamuuliza mara tatu kama ana homa. Akaniuliza nimeanza lini uganga.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna simu kutoka hospitali yoyote. Labda hakuna kilichotokea.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna simu. Jua kali. Nikisikia simu ya mezani inalia, moyo unanipiga paa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilimdharau Tai bure. Leo alileta sahani mbili za chakula, akaniambia mama yake alikuwa mpiga chapa wa ofisi, akafukuzwa kwa kosa la mkubwa wake, na hakutamka neno mpaka alipokufa. Alikuwa ananiangalia aliposema hivyo. Aliniuliza kama nalala. Nikasema nalala.

Jumatatu, 21 Aprili

Wifi amekwenda kutolewa damu ya kipimo kwa ajili ya Jumatano. Mawingu yamerudi, meusi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua kama ya leo sijaiona tangu msimu uanze. Laini zilikatika saa mbili asubuhi. Mkurugenzi alishuka kwenye chumba cha mashine akiwa na karatasi ya kilele mkononi, akataka kuona mwenyewe saa nane itakavyopita.

Saa nane kasoro dakika kumi laini zikarudi. Masahihisho mia tatu na sita. Nikayapitia kwa kidole, namba moja moja, kama siku ile. Safari hii namba yake ilikuwamo. Kipimo cha Jumatatu kimeonyesha mwili wa wifi umeanza kukataa damu za aina moja. Alama ya tahadhari, mpya, haijafika kwenye rejista. Masikio yangu yaliziba.

Nikatoka hadi kwenye korido nikampigia. Alikuwa ameshaketi kwenye chumba cha damu, kwa kuwa hufika mapema ili apate kiti cha dirishani.

"Wifi, nisikilize," nikamwambia. "Leo wakikuletea damu, ikatae. Sema unaumwa, sema lolote, rudi nyumbani."

"Kuna nini?"

"Lebo yako inaweza kuwa na makosa."

Nilisikia mvua ya upande wake pia.

"Yangu peke yangu?"

Kupitia mlango niliiona skrini, bado imejaa namba.

"Wifi, hapa tuko saba," akasema, polepole, kama anayemsemesha mgonjwa. "Unataka niinuke niwaache hawa wamekaa? Na Bi Kofia leo hayupo. Wanasema alilazwa jioni ileile tulipotoka hapa pamoja mara ya mwisho, figo zimegoma."

Sikumbuki nilivyokata simu. Nakumbuka saa ya ukutani, saa nane kasoro dakika mbili. Niliketi nikaandika amri ya kuizuia Lebo isianze. Skrini ikakubali. Mkurugenzi akauliza ni nini hicho.

"Nimeizuia," nikasema. "Inachapa lebo kabla Masahihisho haijaisha. Miaka kumi na tisa iliyopita nilitoa mstari wa kungoja, na mwezi huu nimekumbuka na sikusema."

Akaniamuru niiachie, gari linaondoka saa tisa, hospitali kumi na moja zinangoja. Akasema mambo ya kumbukumbu zangu tutayazungumza baadaye. Nilishindwa kuinua kichwa, lakini mikono niliiweka juu ya kibodi na sikuitoa. Tai ndiye aliyevuta kiti akaketi kati yetu. Alimwomba mkurugenzi, kwa adabu zote, ampigie dereva angoje. Kisha akaniambia, "Nionyeshe mahali mstari ulipokuwa."

Nikaurudisha. Mstari mmoja. Masahihisho ilimaliza saa nane na dakika ishirini na mbili, Lebo ikaanza kulekule pembeni, ikachapa kwa dakika tatu. Gari liliondoka saa tisa na dakika tano. Kilele hakikupanda hata kidogo. Kuhama kwenyewe hakukuwa na ubaya wowote, palihitajika mstari mmoja na mtu wa kuusema.

Wifi aliletewa mfuko mwingine, wenye alama. Amerudi. Hajanisemesha.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumeketi, mimi na Tai, tangu asubuhi, tukilinganisha kila lebo iliyochapwa tangu tarehe saba na saa masahihisho yake yalipoandikwa. Siku moja tu ndiyo yenye pengo, ile ya tarehe tisa. Watu kumi na mmoja. Hospitali zimepigiwa simu zote. Wanane mifuko yao haikutumika. Wawili sahihisho lilikuwa la anwani. Mmoja aliongezwa.

Mwanamke, miaka sitini na tatu. Chumba cha damu, kiti cha pili.

Tai alitoka nje akanyeshewa. Aliporudi aliniambia kwamba na yeye ana lake, kwamba siku ile aliiona kalamu yangu inatetemeka nilipoandika Inafaa, na akaamua kutouliza mara ya pili.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwambia wifi yote, pamoja na ile chai. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja. Alipomaliza alikwenda chumbani kwake akafunga mlango.

Jumapili, 27 Aprili

Hatusemeshani. Amepika yeye. Hakuna chumvi kabisa.

Jumatatu, 28 Aprili

Barua imetoka. Nimesimamishwa, kikao ni tarehe kumi na tano Mei, kadi itaendelea mpaka hapo. Nilirudisha funguo. Kwenye ripoti yake Tai ameandika wazi kosa langu, halafu akaandika pia kwamba kazi isihamishwe popote mpaka aliyeilea aulizwe peke yake, pasipo mkubwa mlangoni. Mkurugenzi amepita kwenye korido bila kuniangalia. Sasa simwogopi kama nilivyoogopa tabasamu lake.

Jioni wifi amesema neno la kwanza. Amesema kadi ikifa tutajua la kufanya, ana ndugu, ana cherehani. Kisha akasema, "Lakini kwa Bi Kofia utakwenda mwenyewe. Mimi nitakusindikiza mpaka mlangoni, basi."

Ijumaa, 2 Mei

Sijakwenda. Mvua ya manyunyu.

Jumapili, 4 Mei

Sijakwenda. Nimefika hadi getini.

Jumatano, 7 Mei

Mvua zimekatika. Zamu ya wifi. Tulitoka pamoja, nami nikavaa ile kofia kwa sababu nilipoishika kuiacha nyumbani niliona ni woga mwingine. Wifi alinifikisha mlango wa wodi, akanisukuma mgongoni kwa kiganja, akaenda kwenye kiti chake.

Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Nilidhani Bi Kofia ni mtu wa mwili mkubwa, kumbe ni mdogo, na mirija inamuunganisha na mashine ya kusafisha damu inayonguruma kidogo, kama Bibi. Donge la uzi lilikuwa juu ya blanketi, halijaguswa, vidole vimevimba. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi. Yote yalikimbia. Niliogopa kuliko siku yoyote iliyoandikwa humu.

Alinitazama, kisha akatazama kichwa changu, na uso ukamfunguka.

"Wewe ndiye wa mashine," akasema. "Imekutosha?"

"Imenitosha, mama."

"Wifi yako aliniambia una kichwa kikubwa. Nikakuongezea vidole viwili." Akacheka bila sauti, akagonga ukingo wa kitanda. "Sasa mbona umesimama kama mwenye kuondoka? Keti."

Nikavuta kiti. Nikavua kofia nikaishika mapajani, nikamwambia nimekuja kumweleza kwa nini yuko hapa.